Kilio Alichokabidhiwa Sumari

Lori la kahawa lilipakiwa asubuhi kwenye uwanja wa ghala la chama, juu kidogo ya Usa River, pale barabara ya udongo inapoanza kuupanda mlima. Magunia yalitangulia. Juu ya magunia walikaa wanaume, kwa sababu huko juu kuna upepo na mtu anaona mbali. Wanawake walikaa chini, ubavuni mwa magunia, pamoja na mikungu ya ndizi waliyokuwa wakiipeleka soko la Arusha. Hakuna aliyewapanga. Watu walikuwa wamepanda hivyo tangu lori la kwanza lifike, na dereva asingemwelewa mtu ambaye angemwambia kuna namna nyingine ya kupanda lori.

Sumari alikaa juu, amevaa koti lake la kanisani, maana alikuwa anakwenda mjini kutazama mabati ya kuezekea. Mkewe Tabea alikaa chini, amepakata mkungu wa ndizi mshare. Walikuwa wameoana zamani, kiasi kwamba binti yao Ndeshi naye alishaolewa. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Waingereza walikuwa wametoka kumtawaza malkia wao mpya, na watoto wa shule walikuwa bado wananywea uji kwenye vikombe vyenye picha yake.

Kabla ya kufika Tengeru, kwenye kona inayoteremkia darajani, gurudumu la mbele lilipasuka na lori likalala ubavu. Wanaume waliokuwa juu walirushwa mbali, majanini. Magunia yaliteremka upande waliokaa wanawake. Hili nalo halikupangwa na mtu.

Sumari aliangukia bega na kuvunjika mtulinga. Alijua umevunjika kwa sababu aliusikia. Akauma meno na kukaa kimya, kama wanaume wa rika lake walivyofundishwa, na angeendelea kukaa kimya hadi Arusha kama kilio kisingemtoka. Kilimtoka ghafla, kirefu, kikitokea chini ya mbavu za kushoto, mahali ambapo yeye hapakumuuma hata kidogo. Hapo ndipo alipojua kwamba Tabea ameumia, na kwamba ameumia vibaya.

Inabidi lielezwe jambo moja ambalo kule mlimani hakuna aliyehitaji kuelezwa. Katika ukoo wa kina Tabea, msichana anapoolewa hutolewa pamoja na kilio chake. Siku ya harusi kaka yake humfikisha kwenye kizingiti cha mume, naye bibi harusi hulia mara moja ndani ya viganja vya mume vilivyokingwa pamoja. Mume hufumba viganja, huvipeleka mdomoni na kumeza kama anayekunywa maji ya mtoni. Tangu hapo maumivu hubaki kwa mke, yote, bila kupungua. Kinachohama ni kilio tu. Wazee wa ukoo walisema ni kwa ajili ya heshima ya nyumba, mke asisikike kwa majirani.

Siku Ndeshi alipozaliwa, Sumari alilia nyuma ya banda la mbuzi kuanzia alfajiri mpaka sauti ikakauka, huku Tabea akiwa ndani ameuma kanga, kimya kabisa. Majirani walimpa Sumari pole nyingi. Mmoja alimletea hata mtori, chakula ambacho kwa kawaida hupikiwa mzazi, naye akaumaliza. Mchungaji wa usharika aliyeoa katika ukoo huohuo alizijua habari hizi. Aliwahi kulia katikati ya mahubiri siku mkewe aliyekuwa nyumbani alipong'oka ukucha, na waumini walisubiri atulie aendelee na somo.

Kwa hiyo Sumari alikuwa mzoefu. Angeweza kuwa shambani anapogolea kahawa, akajisikia anasema "aah", na kwa urefu wa ile "aah" akajua kama Tabea ameungua na chungu au amejikwaa kidole. Jino alilijua. Mgongo wa masika aliujua. Lakini hiki cha leo hakuwahi kukutana nacho, na alikiogopa.

Gari la mlowezi mmoja lilipita likasimama. Yule Mzungu aliwapakia waliokuwa wakilia, akawaambia waliokaa kimya wasubiri gari jingine. Lilikuwa jambo la busara kwa mtu mwenye haraka. Tabea naye alipanda, lakini alipanda kwa kuwa alikuwa ameshika kichwa cha mume wake.

Pale hospitali ya mjini walipokelewa na dresa, msaidizi wa daktari, aliyeitwa Koikai, Mwarusha mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

"Mgonjwa nani?" aliuliza.

"Huyu," alisema Tabea.

"Na wewe, mama?"

"Mimi mke wake."

Basi Tabea akawa muuguzaji. Hospitali ile ilikuwa na veranda pana iliyozunguka wodi ya wanaume, na hapo ndipo walipolala wake na mama za wagonjwa, wakapika nyuma kwenye mafiga na kuleta chakula ndani. Mwanamke aliyefika kwa miguu yake pamoja na mwanamume anayelia alikuwa muuguzaji, na muuguzaji hakuhesabiwa mgonjwa mpaka abebwe. Wodi ya wanawake ilikuwepo pia, chumba kimoja kilichopakana na stoo ya dawa, na kwa kawaida kilijaa wazazi.

Sumari alisubiri kilio kipungue kidogo, akasema, "Bwana dresa, mimi nimevunjika mtulinga tu. Hiki kilio si changu, ni cha mke wangu. Mtazameni yeye, ubavu wa kushoto."

Koikai alielewa papo hapo. Alikuwa na binamu aliyeoa katika ukoo ule. Aliendelea kumfunga mkono Sumari kwa kitambaa cha pembe tatu.

"Najua, mzee," alisema. "Nimekisikia kikishuka garini. Lakini daktari anampima anayelia."

Daktari alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye mvi kabla ya wakati, aliyetibu askari huko Burma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwainamia wagonjwa wake na kuwatazama usoni, jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya. Alisimama karibu na kitanda cha Sumari, akasikiliza kile kilio kama fundi saa anavyosikiliza saa, na uso wake ukabadilika. Vitani alikuwa amekisikia mara nyingi. Alijua kinatoka wapi.

"Bandama," alisema. "Imepasuka."

Koikai alimweleza. Alimweleza vizuri, kwa Kiingereza, kuanzia kizingiti mpaka viganja. Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamgeukia Sumari na kusema kwa Kiswahili chake, "Mimi nasikia hii maneno. Ni desturi, na mimi naheshimu desturi. Lakini kilio iko hapa." Akamgusa mdomo kwa kidole.

"Bandama yangu nzima, Bwana Daktari," alisema Sumari.

"Wote nasema hivyo," alisema daktari kwa huruma.

Kitanda cha Sumari kilikuwa dirishani, na dirisha lilitazama veranda. Walipokuwa wakimwandaa alimwona Tabea ameinama kuinua sufuria ya maji. Kilio kilichomtoka wakati ule kiliwafanya waongeze watu wa kumshika. Walimwingiza chumba cha upasuaji wakimkimbiza.

Klorofomu ilimlaza Sumari lakini haikukilaza kilio, kwa kuwa kilio hakikuwa chake. Kiliendelea kumtoka mdomoni wakati yeye mwenyewe amelala fofofo, na daktari aliagiza klorofomu iongezwe, ikaongezwa, bila tofauti. Tumbo lilifunguliwa. Bandama ilikutwa safi kama ya ndama. Daktari aliigeuza huku na huku, akatafuta damu na asiione, na kwa kuwa tumbo lilikwisha kufunguliwa akakata kidole tumbo ili kazi isiwe ya bure. Alishona vizuri sana. Koikai alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mshono ulionyooka vile.

Sumari aliamka na maumivu mapya tumboni, na haya yalikuwa yake. Aliyanyamazia. Alikuwa mwanamume, na kwa maumivu yake mwenyewe hakuwahi kulia tangu alipotahiriwa. Juu ya maumivu hayo kilio cha Tabea kiliendelea kupita, na sasa kilikuwa kimepanda. Kilikuwa kimefika begani mwa Tabea.

Alimtafuta kwa macho dirishani. Tabea alikuwa ameketi karibu na mama mmoja aliyeitwa Marta, mtu mzima wa Ngarenaro aliyekuwa akimuuguza mwanawe aliyejikata na shoka.

"Mwanangu," Marta alikuwa akimwambia, "mbona midomo imekuwa kama majivu?"

"Moshi tu, mama. Hizi kuni mbichi."

"Na hayo maji unayokunywa kama umetoka kulima?"

Tabea alicheka, akainuka kwa kujivuta, akaja dirishani na bakuli la uji. Alimtazama mumewe jinsi alivyofunikwa shuka mpaka kifuani.

"Baba Ndeshi, unalia vibaya," alisema. "Ningekuwa mimi ningelia vizuri zaidi."

"Umekwenda kule kwa wanawake?"

"Nimekwenda. Nikawaambia ubavu. Wakaniuliza kama nina mimba, nikasema umri umepita. Wakanipa kidonge cheupe, wakasema nimechoka, nikimaliza kupika nipumzike."

"Uliwaambia unaumwa sana?"

"Nilisema. Lakini utasema unaumwa sana kwa sauti gani, Baba Ndeshi? Nilisema kama ninavyosema na wewe hapa."

Hapo kilio kikamtoka Sumari, na Tabea akasubiri kiishe, ameshika nondo za dirisha, jasho likimtoka juu ya mdomo. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimpa Sumari pole.

"Nitakurudishia," alisema Sumari.

Tabea alijifuta jasho. Kisha akasema, "Usifanye hivyo."

Wote wawili walijua maana yake. Mume anaweza kukirudisha kilio cha mkewe, mbele ya kaka wa mke, na kwa kukirudisha anakuwa amemrudisha mke mwenyewe. Hakuna njia ya kurudisha kimoja na kubaki na kingine. Na mke aliyerudishwa hazikwi kwenye migomba ya mume wake.

"Nitazikwa wapi?" aliuliza Tabea. "Miaka yote hii nimelima pale. Ile migomba ya chini nimeipanda mimi."

"Hutazikwa. Watakusikia, watakupasua, utapona. Halafu nitakuja kukuposa tena kama kijana."

"Na hayo meno yaliyong'oka?" alisema Tabea, na alikuwa anacheka, na Sumari alimpenda mno wakati ule. Alimwomba Koikai amtume mtu kwa Efraimu.

Efraimu, kaka yake Tabea, alifika siku iliyofuata na baiskeli, suruali imebanwa na vibanio. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa utaratibu. Kwa kuwa si saa ya kutazama wagonjwa hakuruhusiwa kuingia, hivyo alisimama verandani karibu na dada yake, naye Sumari akaelezea akiwa kitandani, kupitia dirishani. Kilio kilimkatiza mara kwa mara. Efraimu alivua kofia.

"Nimekusikia, shemeji," alisema. "Na kilio nimekisikia, ni kibaya. Sina ubishi. Sasa niambie, umeona kosa gani kwa dada yangu?"

"Sijaona kosa."

"Basi huwezi kumrudisha. Mke harudishwi bila kosa. Nikimpokea bila kosa, ukoo utaniuliza nimempokea kwa nini, nami nitasema nini?"

"Sema anakufa."

"Kufa si kosa," alisema Efraimu. Alisema kwa upole. Alimpenda dada yake, na macho yake yalikuwa mekundu.

Basi wakaanza kutafuta kosa. Haikuwa rahisi. Sumari alisema atamshtaki mkewe kwa uvivu, lakini Efraimu alisema hilo hakuna atakayeliamini, watu wanaijua ile migomba. Efraimu akapendekeza ulimi, kwamba alikuwa na ulimi mkali, ila wakakumbuka kwamba mchungaji alikuwa amemsifu hadharani Krismasi iliyopita. Walifikiria mama mkwe, lakini mama mkwe alikuwa amekufa mikononi mwa Tabea akimbariki, na mashahidi wa baraka zile walikuwa bado hai. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa veranda. Marta alileta kigoda, Tabea akakaa, kichwa kimeegemea ukuta. Mwishowe ni yeye aliyepata.

"Semeni nilikataa kumpikia," alisema. "Mume yuko hospitali, nikakataa kumpikia."

Efraimu alitazama sufuria ya uji iliyokuwa miguuni pake, bado inatoa mvuke. Alifikiri.

"Hilo linatosha," alisema.

Akamshika dada yake kiwiko, akamsimamisha dirishani. Sumari alijivuta mpaka mshono ukamchoma, akauchomoa mkono kwenye kitambaa, akapitisha mikono katikati ya nondo, amekinga viganja. Akasema maneno yanayotakiwa, kwamba mke huyu amekataa kumpikia, na kwamba anarudisha alichokabidhiwa. Alitema ndani ya viganja na kuvifikisha mdomoni mwa Tabea. Tabea alikunywa. Kisha akajifuta mdomo kwa kanga.

Kilio kilimtoka wakati huohuo. Kilikuwa kikubwa kuliko Sumari alivyowahi kukitoa, kwa sababu sasa kilikuwa kimefika nyumbani kwake. Kilipita veranda yote, kikavuka mafiga, kikafika barabarani ambako punda wa Waarusha waliokuwa wakipeleka mahindi sokoni walisimama. Sumari alilala chali na kufumba macho. Alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu lori lianguke, kifua chake kilikuwa kimya na chepesi, na alijisemea kwamba sasa wamesikia, sasa watakuja.

Na kweli walikuja. Daktari alitoka ofisini mbio, Koikai nyuma yake.

"Ndicho kilekile, bwana," alisema Koikai. "Kile cha bandama. Kimerudi kwa mwenyewe."

Daktari alimtazama Tabea. Alimwinamia kama alivyowainamia wote. Akatazama dirishani, akamwona Sumari ametulia, hana kilio, rangi imemrudi, na akaelewa kila kitu kwa namna yake.

"Mama," alisema taratibu, "hapana lia. Bwana yako napona. Tazama, yeye nalala sawasawa. Mimi nafanya kazi nzuri sana kwa yeye."

Tabea alishika ubavu wa kushoto akamwonyesha. Alijaribu kusema, lakini kilio kilikuwa kimekaa bila kutumiwa na mwenyewe muda mrefu mno, na hakikumpa nafasi ya kuweka neno hata moja. Daktari alimpigapiga bega lilelile lililokuwa likimuuma. Aliagiza apewe dawa ya kutuliza moyo, na kwamba ahamishiwe mwisho wa veranda, upande wa chumba cha kufulia, kwa sababu ndani kuna watu waliopasuliwa na wanahitaji kimya.

Sumari alisema kitandani, "Bwana Daktari, ni yeye. Mpasueni yeye." Alitaka kupiga kelele. Hakuwa na kelele. Maneno yalimtoka kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeuliza njia, na daktari alifurahi kumsikia akizungumza kwa utulivu vile, akaagiza kesho aanze kupewa supu.

"Mwambie tena," Sumari alimwambia Koikai.

"Nimemwambia, mzee."

"Mwambie tena."

Koikai alikwenda akamwambia tena. Alirudi akasimama kando ya kitanda, mikono yake mikubwa ikining'inia.

"Anasema ni huzuni," alisema. "Anasema wanawake wa huku wanawapenda sana waume zao."

Kilio kiliendelea siku ile na siku iliyofuata, kule kwenye chumba cha kufulia. Mwanzoni wagonjwa walilalamika. Kisha kikawa kidogo, na hawakulalamika tena. Sumari alikifuata kwa masikio kutoka kitandani. Alikijua kama mtu anavyojua njia ya kwake. Alijua kilipotoka begani, kilipoenea tumbo zima, kilipoanza kuruka pumzi. Alijua pia kilipofika mahali ambapo kisu cha daktari yeyote kisingefaa kitu. Hilo lilikuwa baada ya chakula cha mchana. Marta alikuwa amempakata Tabea kichwa. Ndipo wakambeba, wanne, na kwa kuwa alikuwa amebebwa, alihesabiwa mgonjwa, na alipewa kitanda, na alikitumia mpaka jioni ile.

Alizikwa kwa kaka yake. Sumari aliruhusiwa kwenda, ameshika tumbo, na kwa kuwa hakuwa tena mume alipewa kiti upande wa wageni, pamoja na watu wa kijiji cha Kikwe waliokuja kuuza maharage na kukuta msiba. Ndeshi alikaa mbele na wajomba zake. Kabla ya jeneza kushushwa Efraimu alisimama kutimiza utaratibu, akautangazia ukoo kosa lililomrudisha dada yake: kwamba mume akiwa amelazwa hospitali, yeye alikataa kumpikia. Alilitamka huku machozi yakimdondoka kwenye shati. Waombolezaji walisikitika. Walisema alikuwa mwanamke mzuri, na kwamba inauma kuona mtu ameharibikiwa mwishoni.

Sumari alisimama aseme si kweli. Akakumbuka ya kwamba akisema si kweli, kilio kitakuwa hakikurudishwa, na Tabea atakuwa amekufa bila hata kulia. Akakaa.

Alitaka basi alie. Alifungua mdomo akasubiri. Alikuwa na huzuni ya kutosha kuujaza mlima ule mpaka kwenye wingu, lakini kilio chote alichowahi kulia akiwa mtu mzima kilikuwa cha mkewe, cha kwake hakuwahi kukilea, na hakikuwepo. Alifunga mdomo. Wazee waliokuwa karibu walimtazama jinsi macho yalivyo makavu, wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Ndiyo mwanamume," alisema mmoja wao.

Aliporudi mjini kutolewa nyuzi, alikuta wodi ya wanaume imehamishwa. Vitanda vilikuwa vimepelekwa jengo la nyuma, upande unaotazama Meru, ambako kuna miti na hewa nzuri. Koikai alimweleza kwamba imebidi. Kilio kilikuwa bado kule verandani, mwisho, kwenye chumba cha kufulia. Hakikumfuata Tabea kaburini. Walijaribu kufunga mlango, na walipaka chokaa ukuta mzima, lakini hakikujali chokaa. Wauguzaji walikuwa wamekizoea. Walitandika mikeka karibu nacho, na wanawake waliofika wakiwa wameumia nao walielekezwa kukaa hukohuko, kwa kuwa upande ule ulikuwa umekwisha kuwa wa kelele.

"Kinalia siku nzima?" aliuliza Sumari.

"Kila siku kinaanza upya," alisema Koikai akivuta uzi. "Asubuhi kinaanzia pale mlipofika. Kikifika alasiri kinakwisha. Kesho yake, tena."

Sumari alitega sikio. Ilikuwa asubuhi. Kilio kilikuwa chini ya mbavu za kushoto, bado kidogo, bado cha taratibu, hakijaenda popote. Alikitambua. Ilikuwa ile saa ya kwanza kabisa, alipokuwa akifungwa mkono na kusema mtazameni yeye. Damu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuvuja. Mtu akikimbia sasa hivi, alijua, atawahi.

Alinyanyuka kabla Koikai hajamaliza. Alikwenda ofisini kwa daktari akipepesuka, uzi mmoja ukining'inia, akagonga, akaingia.

"Bwana Daktari," alisema kwa ile sauti yake ya kawaida, ambayo sasa ndiyo pekee aliyokuwa nayo, "bado kuna muda. Twende."

Daktari alikuwa na wageni, madaktari wawili vijana waliotoka Uingereza wiki ile, wamekaa na vikombe vya chai. Uso wake uling'aa kwa furaha ya kweli.

"Huyu ndiye," aliwaambia. "Alifika hapa karibu kufa. Mzee, pandisha shati."

Sumari alitazama mlango, akamtazama daktari. Alipandisha shati. Wale vijana waliweka vikombe chini, wakasogea, mmoja akapitisha kidole juu ya kovu kuanzia juu mpaka chini, akasema limenyooka ajabu. Daktari aliwaeleza kuhusu klorofomu. Sumari aliendelea kushikilia shati mpaka walipomaliza kutazama, na huko verandani kilio kilikuwa kimeshafika begani.